SHEIKH RAMIYA WA BAGAMOYO: MTUMWA ALIYEINULIWA NA ELIMU

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Kila sifa njema inamstahikia Yeye Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake, Masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.



Katika jarida letu la mwaka huu tumeona tuzungumzie suala la kuwafuata na kuwaheshimu wanavyuoni. Tungeweza kuandika orodha ya haki za mwalimu juu ya mwanafunzi, lakini orodha hiyo mnaisoma katika somo la adabu, na wengi wenu mmekwisha kuihifadhi. Jambo likihifadhiwa kwa ulimi tu huwa jepesi kusahaulika. Kwa hiyo tumechagua kueleza maisha ya mtu mmoja ambaye hakuwa wa mbali nasi. Aliishi katika mkoa wetu huu huu wa Pwani, na mtu akitoka Kibaha asubuhi akapita Mlandizi na Makofia, hufika katika mji wake kabla ya Adhuhuri. Mtu huyo ni Sheikh Yahya bin Abdallah, ambaye watu wote wa pwani walimjua kwa jina la Sheikh Ramiya.

Tumemchagua yeye kwa sababu maalumu. Wapo wanavyuoni wengi wakubwa waliozaliwa katika nyumba za elimu, baba sheikh na babu sheikh, na watu wakawaheshimu tangu wakiwa watoto. Sheikh Ramiya hakuwa na lolote katika hayo. Aliletwa pwani akiwa mtoto mtumwa. Basi tukitaka kujua Muislamu humheshimu mwanachuoni kwa sababu gani hasa, maisha yake yanatujibu waziwazi.

ALIKOTOKA

Sheikh Ramiya alizaliwa katika karne ya 19 katika nchi ya Manyema, upande wa mashariki wa Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wakati huo misafara ya biashara ilikuwa ikitoka pwani kwenda bara kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Njia kubwa ya misafara hiyo ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Tabora, ikafika Ujiji ukingoni mwa ziwa, na kutoka hapo wafanyabiashara walivuka kwa majahazi na mitumbwi kuingia Manyema. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, na wasafiri waliutembea kwa miguu kwa miezi mingi.

Katika njia hiyo ndimo alimopita mtoto huyu, akitolewa kwao na kuletwa asikokujua. Wanafunzi wetu wa darasa la watoto hulia wakichelewa kufuatwa na mama zao jioni. Basi fikirini hali ya mtoto aliyechukuliwa moja kwa moja, asiijue lugha ya waliomchukua, wala asijue mwisho wa safari yake.

Hapa hatutaficha jambo. Katika biashara ile walikuwamo wafanyabiashara Waislamu, Waarabu na Waswahili, waliouza na kununua wanadamu. Dini yetu imeliweka suala la kuacha watu huru katika mlango wa ibada na kafara, na imehimiza jambo hilo mara nyingi katika Qur'ani na Sunna. Waliojitajirisha kwa kuteka watoto wa watu watasimama mbele ya Mola wao wajibu. Tunayasema haya ili pasiwe na mtu atakayedhani kwamba utumwa wa Sheikh Ramiya ulikuwa neema. Neema ilikuwa elimu, nayo aliipata pamoja na dhulma ile.

Alipofika Bagamoyo alinunuliwa na Bwana Amir bin Sulayman al-Lamki, Mwarabu wa asili ya Oman, tajiri na mtu mwenye cheo, aliyekuja kuwa liwali wa Bagamoyo katika zama za Wajerumani. Katika nyumba hiyo ndimo alimokulia Ramiya. Akapewa jina la Yahya, na akaitwa mwana wa Abdallah, yaani mja wa Mwenyezi Mungu. Ni jina ambalo Waislamu tangu zamani wamelitumia kwa wengi ambao baba zao hawakujulikana mahali walipo.

BAGAMOYO YA ZAMA ZAKE

Ili tufahamu ukubwa wa jambo lililotokea, ni lazima tujue mji wa Bagamoyo ulikuwaje. Ulikuwa mji tajiri. Kila mwaka maelfu ya wapagazi walishuka kutoka bara na mizigo yao, na majahazi yakaibeba mizigo hiyo hadi Unguja. Mwaka 1888 Wajerumani walifika wakataka kuutawala, na watu wa pwani wakapigana nao wakiongozwa na Abushiri bin Salim, ambaye alinyongwa Pangani mwezi wa Disemba mwaka 1889. Wajerumani wakaufanya mji huo kuwa makao yao makuu mpaka mwaka 1891 walipoyahamishia Dar es Salaam.

Katika mji kama huo watu walipimana kwa asili. Palikuwa na waungwana na palikuwa na watumwa, na baina yao palikuwa na ngazi nyingi. Katika desturi za pwani za wakati ule, mtumwa hakutarajiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya mabwana. Mtu akisema neno la maana, watu waliuliza kwanza ni mtoto wa nani. Hata aliyekwisha kuachwa huru alibaki na jina la utumwa likimfuata, yeye na watoto wake.

Tena tukumbuke kwamba Wajerumani hawakuufuta utumwa moja kwa moja. Waliweka sheria kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 wawe huru, lakini utumwa wenyewe ulipigwa marufuku kabisa Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha ya Sheikh Ramiya ilipita katika nchi ambayo mtu kama yeye aliweza kuhesabiwa kisheria kuwa mali ya mwingine.

JINSI ALIVYOINGIA KATIKA ELIMU

Ramiya alikulia katika nyumba ya Waislamu, na humo akaijua dini. Wengi waliletwa pwani kama yeye, wakasilimu, wakatosheka kujua sala na saumu. Yeye hakutosheka. Alitaka kuijua dini kwa dalili zake na vitabu vyake, na akawaendea wenye elimu.

Mwalimu wake mkubwa alikuwa Sheikh Abubakar bin Taha al-Jabri, mwanachuoni mwenye asili ya Barawa, katika pwani ya Somalia, aliyekuwa akisomesha Bagamoyo. Watu wa Barawa wameisaidia sana elimu ya dini katika pwani yetu. Kwa mwalimu huyo Ramiya alikaa chini akasoma, huku akifanya kazi ya kujitafutia riziki. Alianza kwa biashara ndogondogo, akawa huru, akaweka akiba, na hatimaye akamiliki mashamba ya minazi. Hakuwa mzigo kwa watu, wala hakuifanya elimu kuwa njia ya kuombea.

Wanafunzi wetu mzingatie hapa. Usomaji wa zamani haukuwa na madawati wala karatasi za mitihani. Mwanafunzi alikaa mbele ya sheikh na kitabu chake, akasoma mstari, sheikh akamsahihisha na kumfafanulia, kisha akarudia mpaka sheikh aridhike. Kitabu kimoja kidogo cha fikihi kiliweza kuchukua mwaka mzima. Mwenye haraka hakufika mbali, na mwenye kiburi hakufika popote, kwani kila siku alikuwa anakosolewa mbele ya wenzake.

Kisha alipomaliza kitabu, sheikh alimpa ijaza. Ijaza ni ruhusa. Maana yake ni kwamba mwalimu anashuhudia kuwa mtu huyu amesoma kwangu, amefahamu, na ninamruhusu asomeshe wengine kile alichokipokea. Mwalimu naye alipewa ruhusa na mwalimu wake, na huyo na wa kabla yake, mpaka mwenye kuandika kitabu, na kwa upande wa Hadithi mpaka kwa Mtume (S.A.W.). Mnyororo huo ndio unaoitwa silsila au isnadi. Mtoto aliyeletwa kutoka Manyema, asiyeweza kutaja nasaba yake mbele ya watu wa Bagamoyo, sasa alikuwa na mnyororo mwingine unaomfungamanisha na watu bora kuliko wote. Huo hakuupata kwa kuzaliwa. Aliupata kwa kukaa chini na kusoma.

MWALIMU NA KHALIFA

Baada ya kusoma, Sheikh Ramiya alianza kusomesha. Akafungua chuo Bagamoyo, na watu wakamjia. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 alipewa ijaza ya tarika ya Qadiriyya, naye akawa khalifa wake mkubwa katika mji huo.

Kwa faida ya wanafunzi wadogo tueleze kwamba tarika ya Qadiriyya inanasibishwa na Sheikh Abdulqadir al-Jilani, aliyefariki Baghdad mwaka 561 Hijria, sawa na mwaka 1166. Katika pwani yetu ilienea sana mwishoni mwa karne ya 19, na miongoni mwa walioieneza ni Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyefika Unguja katika zama za Sayyid Barghash na akauawa nchini Somalia mwaka 1909.

Wapo Waislamu wasiokubaliana na baadhi ya mambo ya tarika, kama vile namna ya zikri za halaiki na ziara za makaburi. Hilo ni suala la kielimu, lina vitabu vyake na watu wake, na makala hii haikuandikwa kwa ajili ya kuliamua. Tunalotaka kulionesha ni kwamba zikri na darsa za Sheikh Ramiya zilikuwa mahali ambapo watu wa kila asili walikaa pamoja. Walikuwapo Waarabu na Waswahili wa mjini, walikuwapo Wazaramo, Wakwere na Wadoe wa vijiji vya karibu, na walikuwapo Wamanyema walioletwa kama yeye. Aliyekuwa na swali la sala, la ndoa au la mirathi alimwendea yeye. Mji uliokuwa ukiuliza mtoto wa nani, sasa ukawa unauliza Sheikh amesemaje.

Athari yake haikubaki Bagamoyo. Wanafunzi na wafuasi wake walitawanyika, na tawi lake la Qadiriyya likafika sehemu nyingi za pwani na bara, mpaka huko Ujiji karibu na nchi aliyotolewa. Njia ile ile ya misafara iliyomleta kama mzigo ikarudisha elimu yake.

Hapa kwetu Kibaha na Kisarawe tunapaswa kulijua jambo hili zaidi, kwani Uislamu uliingia vijijini kwa namna hiyo hiyo. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 na ya mwanzo ya karne ya 20, hasa baada ya vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, walimu waliosoma katika miji ya pwani walikwenda bara kwa miguu, wakakaa na wananchi, wakafungua vyuo chini ya miembe na barazani mwa nyumba zao. Hawakuwa na mishahara. Walilima kama wanakijiji wengine na kusomesha baada ya kurudi shamba. Wengi wao majina yao hayakuandikwa popote, lakini kila juzuu inayosomwa leo Maneromango, Mzenga au Mlandizi ina sehemu ya jasho lao.

KUFARIKI KWAKE

Sheikh Ramiya alifariki mwaka 1931. Aliacha mashamba, lakini watu hawamkumbuki kwa mashamba. Aliacha wanafunzi, chuo, na mwanawe Sheikh Muhammad Ramiya, aliyeshika nafasi ya baba yake katika kusomesha na kuongoza tarika, na baadaye akawa miongoni mwa viongozi wa Kiislamu walioiunga mkono TANU katika kudai uhuru wa nchi hii. Mpaka leo zikri na ziara ya Bagamoyo hukusanya watu kutoka sehemu mbalimbali. Majina ya wengi wa matajiri waliokuwa wakimpita njiani bila kumtolea salamu alipokuwa mtoto hayajulikani tena na mtu yeyote.

WALIOTANGULIA WALIKUWA HIVI HIVI

Ndugu wasomaji, yasije yakadhaniwa haya kuwa ajabu iliyotokea Bagamoyo peke yake. Haya ndiyo mazoea ya Uislamu tangu karne yake ya kwanza.

Katika Makkah, baada ya Masahaba, mufti mkubwa alikuwa Ata bin Abi Rabah, aliyefariki mwaka 114 Hijria, na wengine wamesema 115. Alikuwa mtu mweusi, mwenye asili ya utumwa, mwenye jicho moja na miguu yenye kilema, na mwisho wa umri wake akapofuka. Khalifa Sulayman bin Abdulmalik alikwenda kuhiji pamoja na wanawe wawili, akamwendea Ata kumuuliza mambo ya Hija. Akamkuta anasali, akasubiri mpaka amalize. Khalifa ambaye majeshi yake yalifika mashariki na magharibi ya dunia alikaa chini akisubiri ruhusa ya kuuliza, na walipoondoka akawausia wanawe wasizembee kutafuta elimu, kwani alikuwa ameona jinsi elimu ilivyomweka mtu huyo juu ya wafalme.

Nafi naye alikuwa mtumwa wa Sahaba Abdullah bin Umar. Akasoma kwa bwana wake, akaachwa huru, na Imamu Malik akasoma kwake. Mnyororo wa Malik kutoka kwa Nafi kutoka kwa Ibn Umar, Imamu Bukhari aliuhesabu kuwa ndio sahihi kuliko minyororo yote, na wanavyuoni wakauita mnyororo wa dhahabu. Kiungo chake cha katikati ni mtu aliyewahi kumilikiwa.

Na upande wa pili tumwangalie Abdullah bin Abbas, mtoto wa ami yake Mtume (S.A.W.). Hakuna nasaba iliyo tukufu kuliko hiyo. Hata hivyo alipomwona Zayd bin Thabit anataka kupanda mnyama wake, alimshikia kikuku cha kupandia. Zayd alipomzuia kwa heshima ya ukoo wake, alieleza kuwa hivyo ndivyo walivyoamrishwa kuwafanyia wanavyuoni. Naye Zayd akaubusu mkono wake, akieleza kuwa hivyo ndivyo walivyoamrishwa kuwafanyia watu wa nyumba ya Mtume. Basi angalieni adabu hiyo. Kila mmoja alimheshimu mwenzake, na hakuna aliyepungukiwa.

Asili ya yote haya imo katika Qur'ani. Sura ya Al-Hujurat imetufundisha kuwa mbora mbele ya Mwenyezi Mungu ni mwenye kumcha zaidi, na Sura ya Al-Mujadila imetufundisha kuwa Mwenyezi Mungu huwainua daraja walioamini na waliopewa elimu. Mtume (S.A.W.) naye ametufahamisha kuwa wanavyuoni ni warithi wa Mitume, na kwamba Mitume hawakurithisha dinari wala dirhamu, bali walirithisha elimu. Urithi wa mali hugawanywa kwa nasaba. Urithi huu uko wazi kwa kila atakayeutafuta, awe mtoto wa liwali au mtoto aliyeletwa na msafara.

KUMFUATA MWANACHUONI NI NINI

Hapa pana jambo linalohitaji kufahamika vizuri, kwani watu hupotea upande huu au upande ule.

Wa kwanza ni wale wanaomfanya sheikh kuwa hakosei. Huyu akisikia neno la sheikh wake hataki tena kusikia Aya wala Hadithi. Haya hawakuyataka wanavyuoni wenyewe. Maimamu wote wanne walikataza watu kushikamana na kauli zao pale inapothibiti Hadithi kinyume chake. Mwanachuoni anafuatwa kwa sababu anatufikisha kwenye Kitabu na Sunna, kama vile msafiri anavyomfuata mwenye kuijua njia. Nia ya msafiri ni kufika mjini.

Wa pili ni wale wasiomtaka sheikh kabisa. Siku hizi hawa wamezidi. Kijana ana simu mkononi, amesikiliza mawaidha matatu na kuona picha za maandishi walizotumiana wenzake, basi tayari anamsahihisha mzee aliyesomesha miaka 40. Hamwulizi ili ajue, anamwuliza ili amtege. Na mzee akisema sijui, humcheka, hali ya kuwa kusema sijui ni katika adabu kubwa za wanavyuoni. Imamu Malik aliulizwa masuala mengi katika kikao kimoja akajibu machache tu, na kwa mengi akasema hajui.

Simu si mbaya, na ndani yake mna darsa za wanavyuoni wakubwa ambazo zamani mtu angesafiri miezi mingi kuzifuata. Lakini simu haimsahihishi mwanafunzi makharija yake, haimwoni akikosea udhu, wala haimpi ijaza. Sheikh Ramiya alipata heshima yake kwa kukaa mbele ya mtu aliyeweza kumwambia hapo umekosea, rudia.

Wakitofautiana masheikh wawili, mwanafunzi asiingie kati kwa matusi. Aulize, asome, na lile lililomwingia kwa dalili alifuate, na yule mwingine abakie na heshima yake. Kutofautiana na mwanachuoni kunaruhusiwa. Kumvunjia heshima hakuruhusiwi.

HALI YETU WENYEWE

Tukiyatazama mambo yetu katika Kibaha na Kisarawe, tutakuta kuwa maradhi ya Bagamoyo ya zamani bado yapo, isipokuwa yamebadilisha nguo.

Bado wapo wanaomkataa mtu kuwa imamu au mkwe kwa kuuliza asili yake badala ya dini yake na tabia yake. Bado mwalimu wa madrasa hupimwa kwa kanzu yake iliyochakaa na baiskeli yake. Mzazi hulipa ada ya masomo ya ziada ya shuleni bila ya kukumbushwa, lakini mchango mdogo wa madrasa huwa deni la miezi. Mwalimu akimwonya mtoto, mzazi huja juu mbele ya mtoto yule yule, na tangu siku hiyo mtoto huyo hawezi tena kujifunza kwa mwalimu huyo, hata akiendelea kuhudhuria kila siku. Maji hayapandi mlima, na elimu haiingii katika moyo uliofundishwa kudharau.

Nasi walimu tuna wajibu wetu. Heshima ya mwanachuoni imefungamana na amana. Mwalimu anayechelewa, anayepiga kwa hasira, anayetumia mchango wa madrasa kwa mambo yake, au anayewafundisha watoto kuwachukia masheikh wengine, huyo anaibomoa kwa mkono wake heshima anayoidai. Sheikh Ramiya hakuwa na ukoo wa kumkinga. Kilichomkinga ni elimu yake na mwenendo wake.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

1. Elimu humwinua mtu kutoka hali yoyote. Mwanafunzi yatima, maskini au mgeni asikate tamaa.

2. Heshima kwa mwanachuoni ni kwa ajili ya elimu aliyoibeba. Hatumwangalii kabila lake, rangi yake wala mali yake.

3. Elimu ya dini hupokewa kwa walimu wanaojulikana walikosoma. Tumwulize mtu amesoma kwa nani kabla ya kuichukua fatwa yake.

4. Kumfuata mwanachuoni ni kumfuata katika haki, kwa adabu, bila ya kumwabudu na bila ya kumtukana.

5. Mzazi anayemheshimu mwalimu mbele ya mtoto anamfungulia mtoto mlango wa kufahamu.

KAZI YA LIKIZO

Kila mwanafunzi, atakapokuwa nyumbani wakati wa likizo, amwendee mzee wake mmoja, babu, bibi au jirani, amwulize ni nani aliyemfundisha alif kwa mara ya kwanza, alitoka wapi, na alisomeshea mahali gani. Aandike majibu katika daftari na ayalete siku ya kufungua madrasa, inshallah. Tungependa majina ya walimu wale waliosomesha chini ya miembe yaandikwe, angalau na watoto wa wale waliowasomesha, kabla wazee wetu hawajaondoka nayo. Na kwa kila jina litakaloletwa tutasoma Fatiha na kuomba dua, kwani hiyo ni haki yao juu yetu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Yahya bin Abdallah Ramiya na walimu wake, awarehemu wanavyuoni wetu wote waliotangulia, awahifadhi waliopo, na atujaalie sisi na watoto wetu tuwe miongoni mwa wenye kuitafuta elimu, kuifanyia kazi na kuwajua wenyewe. Amin.

Wabillahi tawfiq.